Kila Nakala ni Hazina: Namna ya Kutunza Programu za Kompyuta kwa Pamoja

Watahiniwa wa kidato cha nne waliofanya mtihani wa taifa mwaka 2014 walipewa matokeo yao kwa utaratibu ambao haukudumu. Madaraja ya zamani, la kwanza hadi la nne pamoja na sifuri, yaliwekwa kando, na badala yake ukatumika wastani wa pointi uliojulikana kwa herufi za GPA. Alama za somo moja moja nazo zilipewa herufi saba: A, B+, B, C, D, E na F. Mapema mwaka 2016 Wizara ya Elimu iliagiza madaraja yarejeshwe, na matokeo ya waliofanya mtihani mwaka 2015 yakatangazwa kwa utaratibu huo. Leo herufi ni tano. Aliyepata alama 62 mwaka 2014 aliandikiwa B+. Anayepata alama hiyo hiyo leo huandikiwa C, kwa kuwa C sasa huanzia 45 na kukomea 64.

Tuichukue shule moja ya sekondari katika uwanda wa juu wa Ufipa, tuseme iko Laela, ambayo mwalimu wake wa hisabati alitengeneza programu ndogo ya kukokotoa matokeo ya mitihani ya ndani. Utaratibu mpya ulipokuja aliifuta kanuni ya zamani akaandika mpya. Mwaka 2016 ile ya zamani ikahitajika tena, naye hakuwa nayo. Ikambidi aitunge upya, akijaribu kukumbuka jinsi masomo saba bora yalivyochaguliwa na pointi zake zilivyojumlishwa. Tuseme tena kwamba miaka kadhaa baadaye anafika shuleni hapo kijana aliyemaliza mwaka 2014, anaomba barua ya kueleza kwa nini ripoti yake ya shule ina herufi E, ambayo mwajiri wake haifahamu. Je, ni kanuni ipi iliyotumika siku ile, na nani aliiandika? Programu iliyopo haiwezi kumjibu, maana inaijua kanuni ya leo tu.

Msomaji asidhani kwamba tatizo hili ni la shule za mbali na miji mikubwa peke yake. Wanafunzi wangu wa chuo kikuu, ambao wamekuja kusomea kompyuta hasa, huniletea mafaili yenye majina kama “ripoti mwisho”, “ripoti mwisho halisi” na “ripoti mwisho halisi 2”; nami nikiwauliza ni lipi lililo la mwisho, hutazamana. Ikiwa mtu mmoja hupotea katika kazi yake mwenyewe, hali huwaje pale watu ishirini wanapoitengeneza programu moja, wengine wakiwa Sumbawanga, wengine Dar es Salaam, na wengine ng’ambo?

Elimu ya kulikabili jambo hili huitwa udhibiti wa matoleo. Katika makala haya tutaeleza aina yake moja, ambayo wataalamu huiita udhibiti wa matoleo uliosambaa, na tutaona jinsi inavyotumika kutunza vifurushi vya programu. Neno kifurushi kwa Mtanzania wa leo humaanisha kwanza muda wa maongezi na intaneti unaonunuliwa kwa simu. Hapa tunalitumia kwa maana nyingine: programu iliyofungwa pamoja na vitu vyake vyote, tayari kuwekwa katika kompyuta ya mtumiaji.

Daftari moja na madaftari mengi

Mifumo ya kwanza ya kutunza matoleo ilibuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 katika maabara za Bell nchini Marekani, nayo ilifanya kazi ndani ya kompyuta moja. Baadaye ikaja mifumo ya seva moja inayotumikia watu wengi. Mashuhuri kati yake ni CVS, na Subversion iliyoanzishwa mwaka 2000. Katika mifumo hiyo kumbukumbu yote ya mabadiliko hukaa mahali pamoja. Ni sawa na kuwa na daftari kuu lililofungiwa katika ofisi moja mjini Sumbawanga. Mwalimu wa Muze, kule bondeni chini ya Lyamba lya Mfipa, akitaka kuandika mstari mmoja au kutazama ulioandikwa mwaka jana, sharti apande mlima mpaka mjini. Akikuta ofisi imefungwa, hurudi kama alivyokuja. Na ofisi ikiungua, daftari limekwenda nayo.

Mabadiliko makubwa yalitokea mwaka 2005. Linus Torvalds, mzaliwa wa Finland aliyeanzisha Linux mwaka 1991, pamoja na wenzake waliosambaa duniani walikuwa wakitunza kazi yao tangu mwaka 2002 kwa kutumia mfumo wa BitKeeper, ambao ulikuwa mali ya kampuni binafsi. Kampuni hiyo iliwaruhusu kuutumia bure kwa masharti. Ulipozuka ubishi juu ya masharti hayo, ruhusa ikaondolewa, na mwezi Aprili 2005 Torvalds akaanza kuandika mfumo wake mwenyewe, akauita Git. Mwezi huo huo Matt Mackall alianza mfumo mwingine wa jamii hiyo, Mercurial. Baada ya miezi michache Torvalds alimkabidhi Junio Hamano utunzaji wa Git. Inafaa wanafunzi waikumbuke asili hiyo: chombo kinachotumika leo karibu kila mahali kilizaliwa kwa sababu kazi ya watu wengi mno ilikuwa imeegemea idhini ya mwenye mali mmoja.

Katika Git hakuna daftari kuu kwa lazima ya ufundi. Kila anayenakili hazina hupata daftari zima, tangu ukurasa wa kwanza hadi wa leo, nalo hukaa katika kompyuta yake. Anaweza kusoma yaliyopita, kulinganisha matoleo, kuandika mabadiliko mapya na hata kurudi nyuma miaka kumi, pasipo kuomba ruhusa wala kuunganishwa na mtandao.

Ingizo na kitambulisho chake

Sasa tutazame ndani. Kila mtunzaji anapomaliza badiliko lenye maana, huandikisha ingizo katika daftari. Ingizo hubeba hali ya mafaili yote kama yalivyokuwa wakati ule, jina la aliyebadili pamoja na tarehe, maelezo mafupi ya sababu, na kitambulisho cha ingizo lililotangulia. Kutokana na hayo yote Git hukokotoa kitambulisho cha ingizo lenyewe. Kwa kawaida kitambulisho hicho ni mfuatano wa alama 40, kila moja ikiwa ni tarakimu kati ya 0 na 9 au herufi kati ya a na f. Idadi ya vitambulisho vinavyowezekana basi ni 16 kwa kipeo cha 40, yaani takriban 1 ikifuatwa na sifuri 48.

Kitambulisho hakichaguliwi na mtu. Hutokana na yaliyomo. Mtu akiingia kwa siri katika ingizo la mwaka 2014 akageuza 60 kuwa 50, kitambulisho cha ingizo hilo hubadilika. Na kwa kuwa ingizo lililofuata lilibeba kitambulisho cha kwanza, nalo hubadilika, na la tatu vivyo hivyo, mpaka la leo. Mwenzake mwenye nakala nyingine ataona mara moja kwamba madaftari mawili hayakubaliani. Kinga hii si kamilifu. Mwezi Februari 2017 watafiti wa kampuni ya Google na wa taasisi ya CWI ya Amsterdam walifaulu kutengeneza mafaili mawili tofauti yenye kitambulisho kimoja kwa kanuni ya SHA-1, ambayo ndiyo Git iliyoitumia tangu mwanzo. Kwa sababu hiyo Git imeongezewa kinga ya kugundua hila ya namna hiyo, pamoja na uwezo wa kutumia kanuni yenye nguvu zaidi, ambayo vitambulisho vyake vina alama 64.

Hapa ningependa kutaja kitu ambacho wasomaji wa Ufipa wanakijua. Katika sehemu nyingi za uwanda ule bado yamesimama malungu, matanuri marefu ya udongo ambayo wazee walitumia kuyeyushia mawe ya chuma. Ilungu lilivuta hewa lenyewe, bila mivuo. Mapande yaliyotoka humo yakachomwa mara ya pili katika tanuri dogo lenye mivuo, liitwalo kintengwe. Kazi hiyo ilikoma katika karne ya 20. Anayelitazama ilungu leo huona umbo lake, mlango wake na matundu yake, lakini hawezi kulitazama akajua makaa yalipangwaje, mawe yalichaguliwa kwa dalili gani, wala kwa nini fundi mmoja aliongeza tundu ambalo mwenzake hakuliweka. Watafiti walioandika juu ya kazi hiyo iliwabidi wawaendee wazee waliokuwa wakiikumbuka. Programu iliyokwisha kufungwa tayari kwa matumizi ni kama ilungu lililosimama: inaonyesha kilichofanyika, haionyeshi sababu. Sababu zimo katika daftari la maingizo, ikiwa lipo.

Walimu watatu

Tuseme sasa kwamba walimu watatu, wa Laela, wa Namanyere na wa Muze, wameamua kuitunza pamoja ile programu ya kukokotoa matokeo. Kila mmoja ana hazina kamili katika kompyuta yake mpakato. Mwalimu wa Laela anafungua tawi, yaani njia ya pembeni ya kazi ambayo haigusi njia kuu, na humo anarekebisha mpaka wa herufi C. Wakati huo huo mwalimu wa Namanyere, katika tawi lake, anaongeza somo ambalo shule yake imeanza kulifundisha.

Wanapokutanisha kazi zao, Git hutazama hali tatu: ingizo la mwisho ambalo wote wawili walikuwa nalo kabla hawajaachana, hali ya Laela, na hali ya Namanyere. Mstari uliobadilishwa na upande mmoja tu huchukuliwa kama ulivyobadilishwa. Mstari ambao haukuguswa na yeyote hubaki. Lakini kama pande zote mbili zimebadilisha mstari ule ule kwa namna tofauti, Git husimama. Huweka maandishi ya pande zote mbili ndani ya faili, yakiwa na alama za kuyatenganisha, na kuwaachia watu waamue. Wengi wanaojifunza huichukia Git hapo. Mimi naona hapo ndipo inapostahili heshima, maana ingeweza kulichukua lililokuja mwisho na kulifuta la kwanza kimyakimya, kama inavyotokea tunaponakili faili juu ya faili kwa flashi.

Hata hivyo yako makosa ambayo Git haiyaoni. Mwalimu wa Laela, katika faili moja, anapunguza herufi kutoka saba hadi tano. Mwalimu wa Namanyere, asiyejua habari hiyo, anatunga katika faili jingine jedwali la ripoti ya mzazi lenye nafasi ya E na B+. Mafaili ni mawili tofauti, mistari haigongani, muungano unapita bila neno. Programu inayotokana nao ni mbovu. Kwa hiyo hapana budi hazina iwe pia na majaribio: orodha ya alama pamoja na herufi zake sahihi, ambayo kompyuta huipitia kila baada ya muungano. Alama 75 itoe A, 74 itoe B, 62 itoe C, 44 itoe D, 29 itoe F. Mwalimu wa hisabati atatambua kwamba nimechagua zaidi alama zilizo mipakani, kwa kuwa huko ndiko programu hukosea mara nyingi.

Na ile kanuni ya mwaka 2014? Inabaki katika tawi lake lenye jina lake. Akija yule kijana na ripoti yake yenye herufi E, mwalimu anarudi kwenye ingizo la mwaka ule, anaendesha programu kama ilivyokuwa, na kumsomea maelezo ya aliyeiandika.

Mtandao unapokatika

Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao ulianza kujengwa mwaka 2009, umefika Sumbawanga, na mji huo umeunganishwa na Tunduma kwa barabara ya lami. Upweke wa Rukwa uliozoea kusimuliwa na watumishi waliohamishiwa huko umepungua sana. Lakini mawasiliano ya nchi nzima bado hutegemea nyaya chache zilizolala chini ya bahari. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika katika pwani ya kusini mwa Afrika, na huduma ya intaneti ikazorota vibaya Tanzania na katika nchi nyingine za Afrika Mashariki. Aliyekuwa akitunza programu kwa seva iliyo mbali alisimama siku hiyo. Aliyekuwa na hazina kamili mezani pake aliendelea kuandikisha maingizo. Kilichongoja ni kubadilishana tu.

Hata kubadilishana si lazima kungoje. Git ina amri iitwayo git bundle, ambayo hukusanya maingizo yanayotakiwa na kuyafunga katika faili moja. Faili hilo huwekwa katika flashi, na flashi hupanda basi la Namanyere pamoja na abiria. Huko mpokeaji huliunganisha na hazina yake kana kwamba limetoka mtandaoni, na vitambulisho humthibitishia kwamba hakuna kilichopotea wala kuharibika njiani. Shule yenye umeme wa jua na kompyuta moja inaweza kushiriki katika kazi hii sawasawa na idara ya chuo kikuu. Walimu wengi hawaijui amri hiyo, kwa sababu vitabu huandikwa na watu ambao intaneti yao haikatiki.

Inafaa pia kutenganisha Git na tovuti zinazohifadhi hazina za Git. GitHub, iliyofunguliwa mwaka 2008 na kununuliwa na kampuni ya Microsoft mwaka 2018, ni mahali pa kukutania. Ina manufaa mengi, nami naitumia. Lakini mwezi Julai 2019, kwa kufuata sheria za vikwazo za Marekani, GitHub ilizuia baadhi ya huduma kwa watumiaji wa Iran, Syria na Crimea, na wako walioamka wakakuta hazina zao za faragha hazifunguki. Waliokuwa na nakala kamili majumbani walipoteza mahali pa kukutania na wakabaki na kazi yao.

Chimbuko na viraka

Sasa tufike kwenye vifurushi vyenyewe. Programu nyingi tunazozitumia hatukuzianzisha sisi. Zina chimbuko kwingine, nasi huzirekebisha zitufae: tunatafsiri maandishi yake, tunaongeza fomu zetu, tunaondoa tusichohitaji. Kila rekebisho la namna hiyo huitwa kiraka. Kazi ngumu ya mtunzaji wa kifurushi huanza chimbuko linapotoa toleo jipya. Aliyeshona viraka vyake moja kwa moja juu ya mafaili aliyopokea, bila daftari, huwa na njia mbili, zote mbaya: alipokee toleo jipya na kupoteza viraka vyake, au abaki na la zamani pamoja na kasoro zake zote za usalama.

Mfano wetu wenyewe upo. Mwezi Desemba 2004 ilitolewa kwa Kiswahili programu ya ofisi ya OpenOffice, ikapewa jina la Jambo OpenOffice. Ilikuwa kazi ya mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kampuni ya Uswidi ya IT+46. Kwa mara ya kwanza mwandishi wa Kiswahili aliweza kufungua faili, kulihifadhi na kulichapa kwa kufuata maagizo ya lugha yake katika programu ambayo msimbo wake ulikuwa wazi kwa kila mtu. Msamiati mzima ulibidi utafutwe na kujadiliwa. Mwezi Oktoba 2005, kabla mwaka haujatimia, chimbuko likatoa toleo la 2.0. Menyu zikaongezeka, sentensi zikageuka. Baadaye, mwezi Septemba 2010, sehemu kubwa ya watunzaji wa OpenOffice walijitenga na kuanzisha LibreOffice, na mwaka uliofuata OpenOffice yenyewe ikakabidhiwa kwa wakfu wa Apache. Mtafsiri wa Kiswahili aliyekuwa akifuata chimbuko moja alijikuta mbele ya mawili. Tafsiri si kazi ya mara moja. Ni kiraka kinachopaswa kushonwa upya kila toleo linapobadilika, miaka nenda miaka rudi, na ruzuku ya mradi kwa kawaida huisha kabla ya matoleo kuisha.

Git hairefushi ruzuku, ila hupunguza gharama ya kila mshono. Utaratibu unaofuatwa na watunzaji wengi, wakiwemo wale wa Debian ambao tangu mwaka 1993 wamekuwa wakikusanya na kufunga maelfu ya vifurushi, ni huu. Tawi moja huwekewa chimbuko kama lilivyopokelewa, na hakuna mtu anayeruhusiwa kuligusa. Viraka huwekwa mbali nalo, kila kimoja peke yake pamoja na maelezo ya sababu yake. Toleo jipya likija, huingizwa katika tawi la chimbuko, kisha viraka hupachikwa juu yake kimoja baada ya kingine. Vingi hukaa vyenyewe. Vichache hugongana, na hivyo ndivyo mtunzaji huvitazama kwa macho. Wakati mwingine hugundua kwamba chimbuko limeshalirekebisha lile lililomfanya ashone kiraka. Basi anakiondoa, na mzigo umepungua.

Mzigo hupungua zaidi kiraka kikipelekwa kwenye chimbuko na kukubaliwa. Hapa nina maoni makali kidogo. Taasisi zetu nyingi hupokea programu huria, huirekebisha, kisha huyaficha marekebisho kana kwamba ni siri ya biashara. Matokeo yake ni kwamba kila mwaka hulipa tena gharama ya kuyashona. Aliyerudisha kiraka chake hulipa mara moja.

Mfumo wa DHIS2 unaonyesha njia nyingine. Zahanati na vituo vya afya, vya Rukwa na vya mikoa mingine, hujaza vitabu vya MTUHA, na hesabu za mwezi huingizwa katika mfumo huo, ambao kufikia mwisho wa mwaka 2013 ulikuwa umeenezwa nchini. Chimbuko lake liko katika Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norwei, na mizizi yake ni mradi ulioanzia Afrika Kusini katika miaka ya 1990. Msimbo wake ulitunzwa kwa muda kwa mfumo wa Bazaar, ambao nao ni wa aina iliyosambaa, kisha ukahamishiwa Git. Kwa kuwa chimbuko liliacha nafasi ya kuongeza programu ndogo juu yake bila kulipasua, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameandika nyongeza zao wenyewe, na nyongeza hizo hutunzwa katika hazina zake pembeni. Toleo jipya la Oslo halizifuti.

Nakala nyingi kama kinga

Mwezi Agosti 2011 iligunduliwa kwamba wahalifu walikuwa wameingia katika seva za kernel.org, zinazosambaza msimbo wa Linux. Katika mfumo wa seva moja lingezuka swali la kutisha: ni mstari upi uliochezewa? Watunzaji waliweza kujibu kwa utulivu kwamba maelfu ya nakala zilikuwa mikononi mwa watu duniani kote, kila moja ikiwa na vitambulisho vile vile, na badiliko lolote katika historia lingeonekana kila mtu atakapolinganisha ya kwake.

Mkasa wa pili unaonyesha mwisho wa kinga hiyo. Tarehe 29 Machi 2024 mhandisi Andres Freund alitangaza kwamba matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya XZ, kifurushi cha kubana mafaili kilichomo katika mifumo mingi ya Linux, yalikuwa na mlango wa siri. Aliugundua kwa kuona kwamba kuingia katika kompyuta kwa njia ya mbali kulikuwa kumechelewa kwa takriban nusu sekunde. Mlango huo ulikuwa umewekwa na mtu aliyejipatia imani ya mtunzaji wa kifurushi kwa muda wa miaka zaidi ya miwili. Kwa wasomaji wetu jambo la kuzingatia ni hili: sehemu iliyouamsha mlango huo haikuwemo katika hazina ya Git ambayo kila mtu angeweza kuisoma. Ilitiwa katika furushi lililofungwa tayari kwa wasambazaji, nao wengi walilichukua furushi hilo pasipo kulilinganisha na hazina. Tangu hapo hoja ya kufunga vifurushi moja kwa moja kutoka katika historia iliyo wazi imepata nguvu.

Tahadhari kwa shule

Kwa walimu watakaopenda kuanza, liko jambo moja la kisheria. Hazina haisahau. Alama za wanafunzi, majina yao na namba za simu za wazazi zisiingizwe humo kamwe, hata kwa jaribio la siku moja, maana kulifuta faili leo hakulitoi katika maingizo ya jana, na kila aliyenakili anayo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaihusu shule kama inavyoihusu benki. Katika hazina iwekwe programu. Takwimu zikae kwingine, na majaribio yatumie majina ya kubuni.

Huulizwa pia kama maelezo ya maingizo yaandikwe kwa Kiswahili au kwa Kiingereza. Kiraka kinachokusudiwa kwenda Oslo au kwa wakfu fulani wa ng’ambo hakina budi kuelezwa kwa Kiingereza, kwa kuwa msomaji wake yuko huko. Programu ya shule za Rukwa msomaji wake ni mwalimu atakayehamishiwa Laela miaka minane ijayo. Huyo hatasaidiwa na ingizo linalosema “nimerekebisha” wala “mabadiliko madogo”. Atasaidiwa akikuta limeandikwa hivi: “Nimerudisha madaraja la kwanza hadi sifuri kwa agizo la Wizara la 2016, kanuni ya GPA imebaki katika tawi la gpa-2014, majaribio 31 yamepita.”